Nyumba ya Peremende Iliyoliwa na Wageni wa Posa

Kuna mlio mmoja ambao hata leo, na umri huu nilio nao, ukinifikia tu masikioni mate yananijaa. Ni mlio wa kile kijiko kikubwa cha plastiki kikichota peremende dukani: kwarakwara, kwarakwara, halafu kifuniko cha sanduku kinajifunga, pa! Jumamosi iliyopita niliusikia pale Jakobsberg, nami nilikuwa nimeingia kununua vitunguu na maziwa tu, haki ya Mungu. Nilitoka na mfuko wa karatasi uliojaa hadi haufungiki, na vitunguu nikavisahau. Msinicheke. Ugonjwa huu una historia yake, na leo nawapa yote.

Hapa Uswidi mtoto hali peremende siku anayojisikia. Wiki nzima anatafuna karoti na mkate mkavu, na Jumamosi ndiyo siku yake ya godis, kama tulivyoziita, mpaka ulimi ubadilike rangi. Mama yangu, mzaliwa wa Changamwe kule Mombasa, alikuwa na malalamiko mengi juu ya nchi hii: giza lake, samaki wake wabichi, simu za walimu. Lakini sheria hii ya Jumamosi aliipokea kwa mikono miwili, akaitetea kuliko Waswidi wenyewe. "Leo ni Jumanne," angesema, na mjadala umekwisha.

Tulikaa Hjulsta, mwisho kabisa wa ile reli ya buluu, ambako hata ukisinzia kwenye treni utaamshwa tu, maana hakuna kwingine kwa kwenda. Tulikuwa wanawake watatu kwenye vyumba viwili na jiko: Mama, mimi, na mdogo wake Mama, Mamdogo Mghoi. Baba alikuwa ameshahamia mji mwingine, na habari zake si za leo. Mama alifanya kazi kwenye makao ya wazee, zamu za usiku, kwa hiyo aliyelala chumbani kwangu ni Mamdogo, kitanda chake ukuta ule, changu ukuta huu. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Alikuwa na kicheko kikubwa hadi jirani wa chini anagonga bomba la joto, naye akisikia anagongewa ndiyo anazidi kucheka. Nilimpenda mno. Nikishikwa na homa nilimwita yeye kabla ya Mama.

Kila Jumamosi Mamdogo alinipandisha basi hadi Jakobsberg kununua peremende. Siku moja nikamuuliza, mbona tusinunue hapa karibu? Akaniambia za Jakobsberg ni mbichi zaidi. Nikakubali, mtoto wa miaka tisa utabisha nini? Na kwa ajabu ya Mungu, kila tukifika dukani tulimkuta kaka Mugisho amesimama mbele ya yale masanduku. Mugisho alikuwa Mkongo, kijana wa Bukavu, mrefu, mpole, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alifanya kazi kwenye bohari moja jirani na hapo. Alikuwa akinishikia kijiko na kuniuliza kwa uzito wote, "Wakesho, leo tunakamata ya rangi gani?" Mimi nachagua, yeye anajaza mfuko, halafu wao wawili wanasimama kuzungumza mpaka nimemaliza nusu. Nilimhesabu kuwa mtu mzima aliyeshikwa na uroho wa peremende, nikamhurumia. Kwamba sikuwahi kumwona akila hata moja, hilo halikunipita akilini.

Basi vuli ile mwalimu wetu akatangaza kwamba kabla ya kufunga shule kwa Krismasi, anayetaka ataleta nyumba ya pepakaka, na zote zitapangwa ukumbini wazazi waje kuzitazama. Pepakaka ndivyo Mama alivyovibatiza vile vibiskuti vya kahawia vya tangawizi na karafuu. Waswidi hukata unga wake ukawa kuta na paa, wakasimamisha nyumba nzima, wakaipamba kwa peremende. Miaka yote nilikuwa nikipita mbele ya nyumba za wenzangu mikono nyuma, natazama tu. Mwaka ule nilinyoosha mkono wa kwanza. Tena nikasema, mbele ya darasa zima, kwamba yetu itakuwa na madirisha ya kioo. Sijui nilikoyatoa maneno hayo.

Ndipo nikaanza kujinyima. Mimi! Kila Jumamosi nilikula nusu, nusu nikaiweka kwenye kopo la biskuti ambamo zamani zilikaa sindano na nyuzi za Mama. Mngeliona kopo lile, jamani! Kulikuwa na vitunda vya jeli vyekundu, vinavyoganda kwenye meno. Kulikuwa na vijiti vya mnanaa, vyeupe vyenye mistari myekundu, na vizee vya Krismasi vya povu la sukari, vina kofia na ndevu, ukiviminya vinarudi vilivyokuwa. Kulikuwa na vidonge vya chokoleti vya kila rangi, ambavyo ukivishika sana vinakutia rangi viganjani. Halafu zile nyeusi za likorisi zenye chumvi, ambazo Waswidi wanazililia na sisi wengine tunazikimbia. Ya kwanza maishani mwangu niliitemea mkononi mwa Mamdogo; yeye akaitia mdomoni kuhakikisha, akaitema naye. Nilizihifadhi kwa ajili ya bomba la moshi, maana nilijua hakuna atakayeziiba.

Siku ya kuoka, Mamdogo alifunga leso kichwani akakunja mikono ya shati. Maelezo ya upishi alipewa na wenzake kazini. Akayasoma, akaguna. "Tangawizi kijiko kimoja? Kwani wanampikia mgonjwa?" Akatia vijiko vya kutosha, akaongeza hiliki, akaongeza na pilipili manga ambayo hakuna aliyeitaja. Harufu ikajaa jikoni, ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi. Mama akaamka akaja amejifunga kanga, anauliza nani anapika chai ya sherehe bila yeye kujua. Unga wote wa ngano uliokuwa ndani uliishia mle, hata ule wa chapati za Krismasi.

Na madirisha tukayapata! Mamdogo alitwanga peremende ngumu, za manjano na nyekundu, kwenye kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu, akazijaza zile punje kwenye matundu tuliyokata ukutani, akalirudisha sinia ndani ya oveni. Nikapiga magoti mbele ya oveni. Punje zikaanza kutoa jasho, zikalainika, zikaungana, zikawa kioo. Kioo kabisa! Nilipiga ukelele, na huko chini bomba likagongwa. Kuta tuliziunga kwa sukari iliyoyeyushwa kwenye kikaango mpaka ikawa kahawia. Gundi hiyo inashika kweli, lakini inaunguza vibaya, na Mamdogo alizishikilia kuta kwa vidole vitupu akilalama, "Ui, ui, ui!" huku mimi nampulizia. Kisha tukapamba. Kila peremende niliiweka kwa mkono wangu, na kila moja nilikumbuka ni ya Jumamosi ipi. Tulipozima taa ya jiko na kuingiza tochi ndogo ndani yake, yale madirisha yakawaka manjano na nyekundu.

"Dada," Mamdogo akamwambia Mama, "hii isiguswe na mtu mpaka Jumatatu, iende shule. Nimemuahidi mtoto."

Kesho yake, Jumapili, tulikuwa tumetoka kanisani, Mama amejinyoosha kidogo kabla ya zamu yake, simu ikalia. Mamdogo akapokea. Akasikiliza, halafu akakaa sakafuni palepale alipokuwa. "Kituoni?" akauliza. "Kituo gani? Cha hapa, Hjulsta?"

Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Aliyepiga ni Mugisho. Kumbe alikuwa ameomba kuleta watu wake waje kumposa Mamdogo, na ilikubaliwa waje baada ya mwaka mpya. Lakini baba yake mkubwa, mzee aliyetoka Ubelgiji, ambaye bila yeye hakuna la kuzungumzwa, safari yake ya kurudi ilikuwa imebadilishwa ghafla, iwe jioni ileile. Alikuwa tayari na sanduku lake la safari. Ama ataposa akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, ama ataposa siku atakayorudi tena Uswidi, kama atarudi.

Mama wee! Mama aliruka kutoka kitandani, mguu mmoja una soksi. Nguo zilizokuwa zimeanikwa juu ya redieta zikatupwa bafuni, mlango ukafungwa kwa goti. Mimi nikapewa kitambaa nifute meza, nikafuta hata kuta. Mamdogo alibadilisha gauni, akalivua, akavaa la kwanza tena, akaanza kucheka peke yake, halafu akaanza kulia, halafu Mama akamwambia achague moja kwa sababu wageni wako kwenye lifti. Moyo ulinidunda kwa furaha nisiyojua ni ya nini. Nilipenda tu kwamba kuna kishindo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Kwa kina nyanya yangu, wageni wa posa hawatoi neno walilokuja nalo mpaka watafune kitu kilichopikwa na mikono ya binti mwenyewe. Chai haihesabiwi, chai ni maji. Biskuti ya dukani ni matusi. Wakiinuka na chai tupu tumboni, basi hilo ndilo jibu lenyewe, hawakutakiwa, nao huwa hawarudi. Mugisho alishaelezwa, naye alishamweleza mzee wake.

Wakaingia. Baba Mkubwa alikuwa mzee mnene aliyevaa tai na koti zito, akaliweka sanduku mlangoni, akaketi kwenye kiti kikubwa akitupa pole za baridi. Mugisho akaketi pembeni, kofia mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Chai ikaenda, chai nzuri ya maziwa. Jikoni Mama akafungua kabati moja, akalifunga, akafungua jingine. Unga hakuna. Mkate upo, wa dukani. Kisha macho yake yakatua mezani, kwenye nyumba yangu.

"Mghoi," akanong'ona. "Hii si umeipika wewe?"

"Hiyo ni ya mtoto."

"Nakuuliza, mikono ya nani iliukanda huo unga?"

"Dada, nimemuahidi. Haiguswi."

Mama akashika kichwa. "Umerogwa wewe? Mzee wa watu amekuja na sanduku lake, anakunywa chai tupu, unaniambia ya mtoto?"

"Basi na waondoke," akasema Mamdogo. Alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono ameitanua, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Mimi nilikuwa hapohapo ubavuni mwa friji. Hakuna aliyeniuliza. Nikachungulia sebuleni: Baba Mkubwa ameshamaliza kikombe, anatazama saa yake, na Mugisho anaitazama sakafu. Hesabu niliyoipiga ilikuwa fupi sana. Mambo ya posa sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Mugisho akitoka na chai tupu harudi, na asiporudi, nani atanishikia kijiko pale Jakobsberg? Jumamosi zangu zote zilikuwa hatarini. Na harusi, kwa akili yangu, ilikuwa ni Mugisho kuhamia kwetu Hjulsta pamoja na mifuko yake. Nyumba ya pepakaka ni moja tu, nikajiambia, lakini Jumamosi zinakuja kila wiki.

Msidhani ilikuwa rahisi. Niliyatazama yale madirisha, nikakumbuka darasa zima lililonisikia nikijigamba. Nikachukua mchi wa kile kinu cha saumu.

"Mamdogo, sogea."

"Wakesho, hapana. Si lazima. Unanisikia? Si lazima."

"Ni yangu," nikamjibu, na nilimjibu kwa Kiswidi, maana nikipandwa na hasira Kiswahili kilikuwa kinanikimbia. Akanitazama usoni. Kisha akashusha mikono, akasogea. Nikaupiga mchi katikati ya paa.

Paa likaingia ndani, kuta zikaanguka huku na huku, madirisha yakapasuka vipande vyenye ncha. Nililia, ndiyo, lakini nawaambia ukweli, pigo la pili lilikuwa tamu. La tatu nilipiga kwa raha zangu tu. Mama alikusanya kila kitu kwenye sinia la wageni, na mimi nikakataa kupokonywa. Nililibeba mwenyewe hadi sebuleni, vizee vya Krismasi vimelala chali juu ya vifusi, nikaliweka mbele ya Baba Mkubwa, nikapiga goti kama nilivyofundishwa.

Mzee akalitazama sinia. Akanyoosha mkono, na kati ya vyote vilivyokuwepo, akachukua kipande cha bomba la moshi. Akatia mdomoni. Uso wake ukasimama. Mashavu yakatembea mara moja, yakasimama tena.

"Hii iko na chumvi!" akasema. "Bandugu, munaweka chumvi mu bonbon?"

Mugisho alicheka hadi kofia ikamdondoka. Mama, maskini, alikuwa anasali kwa macho wazi. Lakini mzee hakutema. Alimeza, akanywa maji, akachukua kipande cha ukuta, akakitafuna taratibu. Pilipili manga ikampata. Jasho jembamba likamtoka kwenye paji la uso, akalifuta kwa leso, akachukua kipande kingine.

"Njo nani alipika?"

"Ni huyu, baba," Mama akasema, akamsukuma Mamdogo mbele. "Mghoi, kwa mikono yake mwenyewe."

"Iko na nguvu," akasema Baba Mkubwa. Akavuta pumzi. "Aksanti. Sasa tunaweza kuongea."

Mama alipiga vigelegele hadi vikombe vikatikisika, na bomba likagongwa, na kwa mara ya kwanza Mama naye akaligonga akarudisha jibu. Mugisho akaokota kitunda kimoja cha jeli, kile ambacho alininunulia mwenyewe, akakitia mdomoni akifumba macho. Nikajua basi, uroho umemrudia, Jumamosi zangu zimepona.

Shuleni Jumatatu nilikwenda na kopo lenye likorisi za chumvi zilizosalia, zile ambazo hakuna mtu wa kwetu aliyezitaka. Mwalimu akauliza nyumba iko wapi. Nikasema imeliwa na wageni waliokuja kumposa mama yangu mdogo, na kwamba wasingekula, angekosa mume. Wote wakataka kujua kila kitu, na wakazimaliza likorisi zangu hata moja haikubaki. Sikumbuki nyumba ya mtu mwingine yeyote mwaka ule.

Harusi ikawa majira ya kuchipua. Nilicheza mpaka viatu vikanibana. Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule nikamkuta Mamdogo anakunja nguo zake ndani ya mabegi, nikamwambia apunguze kidogo, Mugisho naye ataweka wapi zake? Akanikalisha kitandani akanieleza kwamba wamepata nyumba Fisksätra, upande wa pili kabisa wa mji, ukishuka kwenye treni yetu unapanda nyingine. Nililia hadi nikapata kwikwi. Usiku nilikitazama kitanda chake kilichotandikwa, nikageukia ukutani. Mama aliomba abadilishiwe zamu, akaanza kufanya kazi mchana. Sikuuliza kwa nini.

Miaka imekwenda. Krismasi iliyopita nilikuwa Fisksätra jikoni kwa Mamdogo, tunasukuma chapati, wanawe wakubwa sebuleni wanamjibu kwa Kiswidi kila anachowauliza kwa Kiswahili. Nikamkumbusha ile siku, jinsi alivyotanua mikono mbele ya meza. Nilitaka acheke. Hakucheka. Akaacha kusukuma.

"Wewe ulidhani nalinda biskuti?" akaniuliza.

Akaniambia Mugisho alishamuomba amuoe kabla ya hapo, yeye akamkatalia. Dada yake, yaani Mama, alifanya kazi usiku. Nani atalala nyumbani na Wakesho? Alipoomba tena, akamwambia alete watu wake, lakini moyoni hakuwa ameamua. Aliogopa kuniambia, na alimwogopa Mama zaidi, maana Mama angemfukuza kwa nguvu aende akaolewe. Pale jikoni, alisema, alikuwa hajui afanye nini na maisha yake, akajiambia basi, amwachie mtoto aamue. Mtoto akiing'ang'ania nyumba yake, na yeye amebaki. Nilipochukua mchi alidhani nimemwelewa, kwamba nampa ruhusa aende.

Mimi niliyekuwa nahesabu mifuko ya peremende!

"Na kama ningeing'ang'ania, Mamdogo?"

"Ningebaki," akasema, kama mtu anayetaja jina lake, akachukua donge jingine la unga.

Nikatazama jiko lile, na wanawe wale, na Mugisho aliyekuwa amesinzia kwenye kochi miguu ikining'inia. Nashukuru hakuna aliyeniambia siku ile. Ningeikumbatia ile nyumba, paa lake, madirisha yake na chumvi yake, nisingeiachia mpaka leo.